Kisa cha hashbrown: jedwali la hashi lilivyofungashwa hadi likakaa ndani ya Rust

Tarehe 4 Julai 2019 lilitoka toleo la 1.36 la lugha ya Rust. Waliopandisha toleo siku hiyo walipata jedwali jipya la hashi (muundo unaohifadhi thamani kwa ufunguo, ambao hugeuzwa kuwa namba iitwayo hashi ili kujua pa kuuweka) bila kugusa mstari hata mmoja wa msimbo wao. Jina lilibaki `HashMap` na njia za kuliita zilibaki zile zile, lakini ndani yake injini ya zamani ilikuwa imeng'olewa yote. Iliyowekwa badala yake ni maktaba iitwayo hashbrown, iliyoandikwa na Amanieu d'Antras na kutolewa mwishoni mwa 2018 kama kifurushi cha kawaida ambacho mtu yeyote angeweza kukichukua.

Wazo lenyewe lilitoka Google kwa jina la SwissTable. Matt Kulukundis alilieleza kwenye mkutano wa CppCon 2017, na msimbo wake wa C++ ukafunguliwa mwaka 2018 ndani ya maktaba ya Abseil. Kwa hiyo algoriti ilikuwa mezani, kila mtu aliiona. Kinachotufanya tuchambue kisa hiki ni kazi iliyofuata: kuifunga algoriti hiyo ili mtu asiyejua lolote kuhusu maelekezo ya kichakataji aitumie salama kwenye mashine yoyote, huku mjuzi naye akibakishiwa pa kushika. Maktaba nyingi za jedwali la hashi hukwama hapo. Huongoza kwenye vipimo vya kasi, kisha hakuna anayezitumia, kwa sababu zinadai aina fulani ya kichakataji, au zinamlazimisha mtumiaji aandike upya programu nzima.

Jedwali lenyewe, kwa karibu

Jedwali la zamani la Rust lilitumia mbinu ya Robin Hood: ufunguo unaoingia ukiwa mbali na nyumbani kwake humwondoa aliye karibu na kwake, naye huyo aende akatafute pengine. Lilijazwa hadi 10/11 ya nafasi zake, na kila nafasi iliandamana na hashi nzima ya baiti 8. Kwa jedwali la nafasi 2,048, hizo ni baiti 16,384 za hashi tupu, kabla hujahesabu ufunguo wala thamani.

hashbrown hutumia baiti 1 kwa kila nafasi. Tuziite nafasi hizo mashimo, kama mashimo ya bao. Idadi ya mashimo daima ni kipeo cha 2, na kila shimo lina baiti yake ya alama iliyowekwa kando, kwenye safu moja iliyoshikana. Alama ikiwa 0xFF (0x huashiria namba ya msingi wa 16), shimo ni tupu. Ikiwa 0x80, palikuwa na kitu kikafutwa. Ikianza na biti 0, shimo lina kitu, na biti 7 zilizobaki ni biti 7 za juu kabisa za hashi ya ufunguo ulio humo. Mpangilio huu una maana yake: tupu na lililofutwa yote mawili yana biti ya juu yenye 1, hivyo kuuliza "wapi panaweza kuwekwa kitu?" hakuhitaji ulinganisho wowote. Unakusanya biti za juu tu.

Chukua jedwali la mashimo 16 na ufunguo ambao hashi yake ni 0xA61F90C277D40BE3. Biti za chini zinachagua pa kuanzia: E3 ikichujwa kwa 15 inabaki 3, basi tunaanza shimo la 3. Baiti ya juu kabisa, A6, ni 10100110. Biti zake 7 za kwanza ni 1010011, yaani 0x53. Hiyo ndiyo alama tunayoisaka. Kwenye kichakataji cha x86-64, elekezo moja la SSE2, seti ya maelekezo yanayochakata baiti 16 kwa pamoja, linasoma baiti 16 za alama kwa mpigo, kuanzia ya 3 hadi ya 18. La pili linazilinganisha zote na 0x53 kwa wakati mmoja. La tatu linageuza majibu kuwa biti 16. Ikiwaka biti ya 5, mgombea yuko shimo la 3 + 5, yaani la 8. Hapo tu ndipo tunakwenda kulinganisha ufunguo wenyewe. Ikiwa hakuna mgombea na kundi hilo la baiti 16 lina walau alama moja ya 0xFF, utafutaji umekwisha: ufunguo haumo.

Msomaji makini atauliza alama za 16, 17 na 18 zimetoka wapi wakati mashimo ni 16 tu. Safu ya alama ina baiti 16 za ziada mwishoni, nakala ya zile za mwanzo, ili kusoma kutoka popote kusivuke mpaka wa kumbukumbu. Kila alama ya mwanzo inapobadilishwa, nakala yake nayo ibadilishwe. Anayeandika jedwali kama hili mwenyewe akasahau jambo hilo atapata hitilafu ya kuudhi: ufunguo upo, lakini hauonekani ukitafutwa kutokea mashimo ya mwisho.

Uwezekano wa alama kufanana bila ufunguo kufanana ni 1 kati ya 128 kwa kila shimo lenye kitu. Kundi lenye vitu 14 lina wastani wa wagombea wa uongo 14/128, karibu 0.11. Maana yake, ukitafuta kitu kisichokuwamo, karibu mara 9 kati ya 10 unapata jibu bila kugusa ufunguo hata mmoja. Kasi kubwa ya SwissTable imekaa hapo: kumbukumbu ya mbali haifikiwi mpaka pawe na sababu nzuri.

Kundi likijaa bila jibu, tunaruka mashimo 16, kisha 32, kisha 48, na kuendelea hivyo. Kwa kuwa ukubwa wa jedwali ni kipeo cha 2, mwendo huu unapita kila kundi mara moja, hauachi wala haurudii.

Kufuta ndiko kunakowashinda wengi. Ukiweka 0xFF kila mara, utakata njia ya mtu aliyepita hapo wakati pamejaa. Ukiweka 0x80 kila mara, jedwali linajaa makaburi na kila utafutaji unarefuka. hashbrown inatazama pande mbili za shimo linalofutwa: inahesabu mashimo yasiyo tupu yaliyoshikana nalo nyuma na mbele. Mfululizo huo ukiwa mfupi kuliko upana wa kundi, hapajawahi kuwapo kundi lililojaa likipita hapo, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuendelea mbele; shimo linawekwa 0xFF na nafasi yake inarudishwa kwenye hesabu. Vinginevyo 0x80. Makaburi yakizidi na vitu halisi vikiwa havizidi nusu ya uwezo, jedwali linapangwa upya palepale bila kuomba kumbukumbu mpya.

Hesabu za ukubwa

Jedwali linajazwa hadi 7/8. Mashimo 16 yanabeba vitu 14, mashimo 1,024 yanabeba 896. Madogo sana yana kanuni yao: mashimo 4 yanabeba 3, mashimo 8 yanabeba 7.

Ukiomba `with_capacity(1000)`, 1,000 × 8/7 inazidi 1,024, basi unapewa mashimo 2,048 yenye uwezo wa 1,792. Kwa funguo na thamani za `u64`, kila shimo ni baiti 16, hivyo 32,768 za data, 2,048 za alama na 16 za nakala: jumla 34,832. Aliyekuwa na vitu 896 alitosheka na baiti 17,424. Kitu cha 897 ndicho kinachomrukisha, na wakati wa kuhama majedwali yote mawili yako hai kwa pamoja, yaani baiti 52,256. Kwenye seva hiyo si kitu. Kwenye kifaa chenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu, hapo ndipo programu inapoanguka, na itaanguka baada ya kufanya kazi vizuri siku nyingi. Ukijua idadi yako ya juu, iombe mwanzoni.

Jedwali tupu haliombi kumbukumbu kabisa. Pointa yake inaelekezwa kwenye safu moja ya kudumu ya alama za 0xFF iliyomo ndani ya programu yenyewe, hivyo hata utafutaji kwenye jedwali tupu unafuata njia ile ile ya kawaida, bila tawi la ziada la kuuliza "je, nimeshaandaliwa?" Kwa miundo inayobeba majedwali mengi ambayo mengi yake hayatajazwa kamwe, jambo hili pekee linaokoa kumbukumbu nyingi.

Nalo jedwali hata likijaa hubeba pointa moja tu. Data imepangwa kinyumenyume kabla ya safu ya alama: shimo la 0 liko nyuma kidogo ya pointa, la 1 nyuma yake zaidi. Kutoka pointa hiyo moja unakwenda mbele kupata alama na nyuma kupata data, bila hesabu ya kutafuta data inaanzia wapi.

Maamuzi ya ufungashaji

La kwanza lilikuwa kiolesura. hashbrown ilifuata `HashMap` ya maktaba sanifu njia kwa njia: `insert`, `get`, `entry`, `retain`, zote kwa majina na aina zile zile. Mtu alibadilisha mstari mmoja wa `use` akapima. Akiona tofauti, akabaki. Asipoiona, akarudi, bila hasara. Hii ndiyo iliyoleta watumiaji wa mapema, na watumiaji wa mapema ndio walioibua hitilafu kabla jedwali halijaingia kwenye lugha yenyewe.

La pili, haikutegemea maktaba sanifu. Inahitaji `core` na `alloc` peke yake, sehemu za msingi zisizohitaji mfumo wa uendeshaji. Hili lilifungua milango miwili kwa mpigo. Waandishi wa vifaa vidogo na mifumo ya uendeshaji walipata jedwali la hashi ambalo hawakuwa nalo, na maktaba sanifu ikaweza kuitegemea. Kifurushi kinachotegemea `std`, yaani maktaba sanifu, hakiwezi kuwekwa ndani ya `std`. Huo ni mduara. Hata hivyo `core` yenyewe inahitaji mpangilio maalumu pale unapokuwa unajenga maktaba sanifu, ndiyo maana ndani ya `Cargo.toml` ya hashbrown, faili la mipangilio la Cargo (chombo cha vifurushi cha Rust), kuna swichi iitwayo `rustc-dep-of-std`, inayobadili majina ya tegemezi zielekee kwenye nakala zinazojengwa wakati huo huo. Mtumiaji wa kawaida asiiguse kamwe.

La tatu ni SIMD, yaani maelekezo ya kichakataji yanayoshughulikia baiti nyingi kwa mpigo. Upana wa kundi unaamuliwa wakati wa kukompaili, kwa kuangalia kama lengo lina SSE2. Kila x86-64 ina SSE2, basi hapo kundi ni baiti 16. Kwenye ARM ya biti 64 yenye NEON, SIMD ya ARM, kundi ni baiti 8. Kwenye mashine zisizo na SIMD yoyote, baiti 8, au 4 kwa mashine za biti 32, zinasomwa kama namba moja ya kawaida na kuchakatwa kwa hesabu za biti. Njia hiyo ya kawaida mara nyingine humtaja mgombea wa uongo, pale alama inapotofautiana na inayotafutwa kwa biti ya mwisho tu. Haina madhara kwa sababu ufunguo utalinganishwa hata hivyo.

Kwa nini hawakutumia AVX2, yenye baiti 32? Kwa sababu si kila x86-64 inayo, na kuuliza kichakataji wakati programu inakwenda kungeongeza tawi kwenye kila utafutaji. Operesheni inayochukua nanosekunde chache haina nafasi ya swali la ziada. Anayefungasha maktaba yake aweke hili akilini: kasi inayopatikana kwenye mashine yako ya maendeleo pekee si kasi ya kifurushi.

Kisha kuna mashimo machache kuliko kundi, mahali ambapo anayeiga SwissTable hujikwaa kwa urahisi. Jedwali la mashimo 4 likisomwa kwa kundi la 16, alama zilizo nje ya jedwali zimejazwa 0xFF. Unapotafuta pa kuweka kitu, moja ya hizo inaweza kuitika "niko tupu". Ukiichuja kwa 3 ili irudi ndani ya jedwali, unaangukia shimo lenye mwenyewe. Ukiandika hapo, umemfuta mtu. hashbrown inakagua: shimo lililopatikana likikutwa limejaa, inarudi kusoma kundi kutoka mwanzo wa jedwali. Majaribio yanayoanza na vitu 1,000 hayataliona kosa hili asilani.

Kitendakazi cha hashi, na jinsi kinavyoharibu kila kitu

hashbrown inakiacha kitendakazi cha hashi kuwa chaguo la mtumiaji, na hicho cha kuanzia kimebadilika mara mbili: FxHash mwanzoni, kisha AHash, na tangu toleo la 0.15 la mwaka 2024, foldhash. Maktaba sanifu haikufuata yoyote kati ya hizo. Ilichukua jedwali ikabaki na SipHash, yenye mbegu ya nasibu, yaani namba ya siri inayochanganywa na kila ufunguo.

Sababu yake ina historia. Desemba 2011, kwenye mkutano wa 28C3 mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kwamba seva za wavuti za lugha nyingi zinaweza kulemazwa kwa kutumiwa fomu moja yenye majina yaliyochaguliwa ili yote yagongane. Funguo 100,000 zinazogongana zote zinadai ulinganisho kama bilioni 5. Mwaka uliofuata Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein walitoa SipHash kama kinga. Rust hutumia aina yake nyepesi, ya 1-3. Foldhash ni ya kasi zaidi na ina mbegu, lakini haitoi kinga ya kiwango hicho. Funguo zako zikitoka kwa watu usiowajua kupitia mtandao, baki na `std`.

Makosa mawili tunayaona mara kwa mara. La kwanza: mtu ana funguo za `u64`, anaona ni upuuzi kuzihashi, anaandika kitendakazi kinachorudisha namba yenyewe. Namba zote zilizo chini ya 2 kwa kipeo cha 57 zina biti 7 za juu zenye 0, basi kila alama kwenye jedwali ni 0x00. Kila utafutaji unapata wagombea wote wa kundi, na chujio lote linakuwa halina kazi. Programu haionyeshi kosa lolote, inakwenda polepole tu.

La pili lina sura ya kinyume. FxHash ya zamani inazidisha ufunguo kwa namba witiri. Kuzidisha kunasukuma mchanganyiko kwenda biti za juu, huku za chini zikibaki dhaifu. Ukitumia anwani za kurasa za kumbukumbu, ambazo ni vizidisho vya 4,096, biti 12 za chini za hashi ni 0 daima. Kwenye jedwali la mashimo 4,096 au pungufu, funguo zote zinaanzia shimo la 0. Toleo la 2 la rustc-hash limerekebisha kwa kuzungusha biti mwishoni. Jedwali hili linakula pande zote mbili za hashi, chini kwa mahali na juu kwa alama. Kitendakazi chenye upande mmoja mbovu hakilifai.

Kwa anayetaka kasi tu, ushauri wetu ni wa moja kwa moja: usiongeze hashbrown kwenye mradi. Jedwali unalo tayari ndani ya `std`. Badilisha kitendakazi cha hashi peke yake. hashbrown ichukuliwe kwa kile ambacho `std` haina: kukosekana kwa `std`, uwezo wa kuchagua chanzo cha kumbukumbu, au njia kama hii:

```rust
let mut hesabu: hashbrown::HashMap<String, u32> = hashbrown::HashMap::new();
for neno in maandishi.split_whitespace() {
    *hesabu.entry_ref(neno).or_insert(0) += 1;
}
```

`entry` ya kawaida ingedai `String` mpya kwa kila neno, hata lile lililokwisha kuhesabiwa mara 10,000. `entry_ref` inatafuta kwa `&str` na kuunda `String` pale tu neno linapoingia kwa mara ya kwanza.

Mlango wa nyuma uliofungwa

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na swichi iitwayo `raw`, iliyowaonyesha watumiaji jedwali la ndani lenyewe, `RawTable`. Maktaba kama indexmap ziliihitaji: indexmap huweka data kwenye safu ya kawaida na kutumia jedwali kuhifadhi namba za nafasi tu. Lakini njia nyingi za `RawTable` zilikuwa `unsafe`, yaani usalama wa kumbukumbu ni jukumu la anayeziita, na kila undani uliofichuliwa ulikuwa ahadi mpya ambayo wasimamizi wangelazimika kuitunza. Ndani ya mfululizo wa 0.14 ikaongezwa `HashTable`, inayofanya kazi ile ile kwa njia salama, na 0.15 ikaiondoa `raw`. Kwetu huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki. Hawakumfungia mtumiaji mlango kabla ya kumjengea mwingine.

Matumizi yake yanaonekana vizuri kwenye kuhifadhi majina bila kurudia:

```rust
let h = hasha.hash_one(neno);
match jedwali.find(h, |&i| majina[i as usize] == neno) {
    Some(&i) => i,
    None => {
        let i = majina.len() as u32;
        majina.push(neno.to_string());
        jedwali.insert_unique(h, i, |&j| hasha.hash_one(majina[j as usize].as_str()));
        i
    }
}
```

Jedwali linabeba `u32` tu: baiti 4 na 1 ya alama, jumla 5 kwa shimo. `HashMap<String, u32>` ingekula 33 kwenye mashine ya biti 64, kwa sababu `String` ni baiti 24, namba ni 4, na mpangilio unazisukuma hadi 32. Angalia hoja ya tatu ya `insert_unique`. Jedwali halihifadhi hashi, kwa hiyo likitaka kukua lazima liombe hashi ya kila kilichomo. Ukilipatia kitendakazi tofauti na ulichotumia kutafuta, kompaila haitalalamika, na vitu vyote vitaonekana mpaka jedwali likue kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo vinapotea vikiwa ndani.

Uzito wa kukompaili

Msimbo wa jedwali hukompailiwa upya kwa kila jozi ya aina ya ufunguo na thamani. Mradi wenye jozi 60 unalipa mara 60. hashbrown ilijibu kwa hatua mbili. Kazi zisizotegemea aina, kama kuhesabu ukubwa mpya na kutafuta shimo la kuweka, zilitengwa kwenye muundo wa ndani unaojua baiti tu, ukakompailiwa mara chache. Kisha vidokezo vingi vya kuunganisha msimbo mahali unapoitwa viliwekwa nyuma ya swichi ya `inline-more`: imewashwa kwa anayechukua kifurushi moja kwa moja, imezimwa ndani ya `std`, kwa sababu huko gharama yake ingebebwa na kila mradi wa Rust duniani.

Swichi za Cargo hujumlishwa. Ukiandika `default-features = false` na tegemezi lako jingine likaacha za kawaida, zote zitawaka, mradi toleo ni lile lile. Amri `cargo tree -e features -i hashbrown` inaonyesha nani amewasha nini. Na ukizima `default-hasher` ujue `HashMap::new()` inatoweka; inabaki `with_hasher`.

Paniki katikati ya kuhama

Kitendakazi cha hashi ni msimbo wa mtumiaji, na msimbo wa mtumiaji unaweza kupaniki, yaani kukatiza kazi ghafla kwa kosa. Ikitokea wakati jedwali linahamia kwenye kumbukumbu mpya, mlinzi aliyewekwa anaachilia ile mpya, na la zamani linabaki kama lilivyokuwa. Ikitokea wakati wa kupanga upya palepale, hali ni ngumu zaidi: vitu ambavyo havijapangwa bado havina mahali sahihi, basi vinaondolewa, na jedwali linabaki halali ingawa limepungua. Hasara ya data ni chungu, lakini jedwali lenye alama zisizolingana na yaliyomo lingekuwa kusoma kumbukumbu isiyo yako. Njia hizi zinajaribiwa pia chini ya Miri, chombo cha Rust kinachonasa matumizi haramu ya kumbukumbu, na maktaba yoyote yenye `unsafe` nyingi namna hii isitolewe bila kupitishwa humo.

Walichofanya Go

Februari 2025, Go 1.24 nayo ilihamia SwissTable, lakini kwa umbo lake: makundi ya 8, na jedwali likifika mashimo 1,024 linagawanywa mawili badala ya kuendelea kukua. Lengo ni kwamba hakuna uwekaji mmoja unaolazimika kuhamisha kila kitu. hashbrown huhamisha vyote kwa mkupuo. Jedwali la vitu milioni 10 litasimamisha uzi wake kwa muda unaoonekana. Kwa huduma inayojali muda wa jibu la polepole kuliko yote, `reserve` wakati wa kuanza ni ya lazima.

Toleo la 0 na nakala mbili

hashbrown imebaki kwenye matoleo yanayoanza na 0. Kwa kanuni za Cargo, 0.14 na 0.15 hazichanganyiki, hivyo mradi mmoja huweza kubeba zote mbili, pamoja na ile iliyomo ndani ya `std`. `cargo tree -d` itakuonyesha. Uzito wa ziada unavumilika. Tatizo ni aina. `HashMap` ya 0.14 na ya 0.15 ni vitu viwili tofauti kwa kompaila, na ukiionyesha kwenye kiolesura cha maktaba yako, umewafunga watumiaji wako kwenye toleo ulilochagua. `std` ililikwepa hilo kwa kuifunika: aina unayoiona ni ya `std`, ya hashbrown iko ndani yake, na wasimamizi wa Rust wamepandisha toleo lake mara nyingi bila mtu kuhisi. Fanya vivyo hivyo:

```rust
pub struct Daftari<V> {
    ndani: hashbrown::HashMap<String, V>,
}
```

Uga huo usiwe `pub`. Toa njia tano au sita unazozihitaji kweli, na kwenye `Cargo.toml` yako zima swichi usizozitumia. Kisha pima kwa vitu 896 na kwa 897, kwa 28,672 na kwa 28,673: pale jedwali lilipojaa kabisa na pale lilipotoka kukua. Pima funguo zilizomo mbali na zisizomo. Pima pia kufuta na kuweka kwa zamu mara milioni kadhaa ukubwa ukiwa ule ule, maana hapo ndipo makaburi ya 0x80 yanapojitokeza.